Kurekodi runinga ya nyumbani ukiwa safarini: kwa nini mpakato si mahali pa kurekodia

Mtu yuko Muscat kikazi, au Leeds masomoni, na king'amuzi chake kiko sebuleni Tabata. Jumamosi kuna mechi. Saa ya mechi atakuwa na shughuli, kwa hiyo anawaza: nitaunganisha mpakato na runinga ya nyumbani kwa intaneti, nitabonyeza kitufe cha kurekodi, jioni nitakaa nitazame kwa raha zangu. Wazo linaeleweka, na vifaa vyote vya kulitekeleza vinapatikana. Ila ukilifuata hivyo hivyo lilivyo, umechagua njia ndefu, ya gharama, na yenye sehemu nyingi za kukatikia. Pa kurekodia ni nyumbani, pale pale mawimbi yanapoingilia. Kazi ya mpakato ni kupokea faili lililokwisha kukamilika.

Sisemi kwamba haiwezekani kurekodi kwenye mpakato. Inawezekana, na kuna siku ndiyo njia pekee iliyobaki. Lakini watu wengi huanza nayo kwa sababu mpakato ndio ulio mbele yao, kisha hushangaa wanapofungua faili la saa mbili na kukuta nusu yake ni kiduara kinachozunguka.

Waliofanya kutazama runinga ya nyumbani ukiwa mbali kuwa bidhaa ya dukani ni ndugu wawili wa California, Blake na Jason Krikorian. Walikuwa mashabiki wa San Francisco Giants, timu ya besiboli, na safari za kazi ziliwakosesha mechi zilizokuwa zikionyeshwa kwao. Mwaka 2004 wakaanzisha kampuni ya Sling Media, na katikati ya 2005 kifaa chao, Slingbox, kikaingia madukani Marekani. Kilikaa kando ya king'amuzi, kikichukua picha na sauti kwenye matundu yale yale ya nyuma yanayopeleka picha kwenye runinga, kikaibana picha ili iwe nyepesi, kisha kikairusha kwa intaneti hadi kwenye kompyuta ya mwenyewe. Kulikuwa pia na kiwaya chenye taa ndogo kilichobandikwa mbele ya king'amuzi, kikituma mwanga ule ule wa rimoti. Ukibonyeza chaneli ukiwa hotelini, kiwaya kinambonyezea king'amuzi nyumbani, na sekunde chache baadaye picha inabadilika kwenye kioo chako.

Hapo ndipo penye uhondo. King'amuzi ni kimoja. Bibi akiwa sebuleni anatazama tamthilia yake, nawe ukiwa Düsseldorf ukaamua kutafuta mpira, tamthilia ya bibi inakatika bila mtu yeyote kugusa rimoti. Simu utakayopigiwa haitakuwa ya salamu.

Kampuni ya setilaiti ya EchoStar iliinunua Sling Media mwaka 2007 kwa dola milioni 380. Mwezi Novemba 2020 ikatangazwa kwamba Slingbox haitauzwa tena, na tarehe 9 Novemba 2022 seva zikazimwa. Kuanzia siku hiyo maboksi yaliyokuwa mazima kabisa yakawa hayana kazi. Boksi lilikuwa la mteja, umeme wake, intaneti yake, lakini mpakato haukuweza kulifikia boksi bila kupitia seva za kampuni. Wengine waliokoa vifaa vyao kwa programu huria zilizoandikwa na watu wa kujitolea muda mfupi kabla ya kuzimwa. Ukitafuta kifaa cha aina hii leo, swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni hili: kampuni ikifunga, kitaendelea kufanya kazi?

Na hata Slingbox, pamoja na ujanja wake wote, ilitengenezwa kwa ajili ya kutazama. Waliotaka kurekodi walitafuta programu za pembeni, na hapo ndipo mkanganyiko wa kurekodi runinga ya mbali kwenye mpakato ulipoanzia.

Ili kuutatua, tufuate picha yenyewe inavyosafiri. Inatoka mnarani au kwenye setilaiti, inaingia antena au dishi la nyumbani, inafunguliwa, inabanwa upya, inapanda intaneti ya nyumbani, inavuka bahari, inashuka kwenye Wi-Fi ya hoteli, inafunguliwa tena kwenye mpakato, inachorwa kwenye kioo. Ukirekodi mwanzoni mwa safari hiyo, unapata kile alichorusha mrushaji. Ukirekodi mwishoni, unapata kilichosalia baada ya kila kituo kukata ushuru wake.

Kituo kinachokata zaidi ni pale picha inapopanda kutoka nyumbani. Tunaponunua intaneti tunaangalia kasi ya kupakua, kwa sababu ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango. Kwa kazi hii nyumba yako imegeuka kituo cha kurushia, kwa hiyo kinachohesabika ni kasi ya kupakia. Kwenye nyuzi za mwanga kasi hizi mbili mara nyingi hukaribiana. Kwenye ruta ya laini ya simu, au mtandao wa kebo kama ule wa miji mingi ya Marekani, kasi ya kupakia inaweza kuwa sehemu ndogo tu ya ile ya kupakua. Hesabu yenyewe ni nyepesi, ukikumbuka kwamba baiti moja ni biti nane: megabiti 1 kwa sekunde, kwa saa nzima, ni megabaiti 450. Picha nzuri ya mpira, yenye nyasi na watu wanaokimbia, inataka kama megabiti 4, yaani gigabaiti 1.8 kwa saa. Mechi pamoja na mapumziko na maneno ya wachambuzi ni saa mbili, gigabaiti 3.6. Bando hilo linaliwa mara mbili: linapopanda nyumbani, na linaposhuka huko uliko.

Sasa kasi ikiyumba kwa sekunde kumi, mtazamaji atavumilia. Kinachorekodi hakina uvumilivu wala haraka. Kinaandika kile kinachokiona. Programu kama OBS Studio, ambayo ni ya bure na ndiyo wengi huikimbilia, inarekodi kioo chako kama kilivyo. Picha ikiganda, inarekodi picha iliyoganda. Ujumbe wa WhatsApp ukijitokeza pembeni, umeingia kwenye rekodi pamoja na mlio wake. Mshale wa kipanya uliousahau katikati ya uwanja utakaa hapo dakika tisini. Mfuniko ukifungwa, kompyuta inalala, na rekodi inaishia hapo. Wi-Fi nyingi za hoteli hukukata baada ya muda fulani na kukutaka uandike tena namba ya chumba. Mwenyewe uko mkutanoni, mpakato uko peke yake chumbani unaurekodi ukurasa wa hoteli.

Kama hauna njia nyingine ila hii, angalau zingatia mambo machache. Kwenye OBS hifadhi rekodi kwa muundo wa MKV, usitumie MP4 ya kawaida. MP4 ya kawaida huandika mwishoni ile orodha inayoiambia programu ya kuchezea picha ziko wapi. Umeme ukikatika kabla haijaandikwa, faili zima halifunguki. MKV ikikatika, hadi pale ilipofikia inachezeka, na OBS yenyewe ina sehemu ya kuigeuza kuwa MP4 baadaye. Zima usingizi wa kompyuta na arifa zote. Usihifadhi kwenye flashi iliyopangwa kwa FAT32, kwa sababu mfumo huo haukubali faili linalozidi gigabaiti 4, na mechi kwa picha safi inaweza kuvuka hapo kabla refa hajapuliza kipenga cha mwisho. Na kama chanzo chako kinatoa mkondo wa wazi, yaani picha inayotiririka kwa intaneti bila kufungwa, achana kabisa na kurekodi kioo: programu za bure kama VLC au ffmpeg zinaweza kuupokea mkondo na kuuandika kwenye diski kama ulivyo, bila kuubana upya. Mpakato hautachemka, na WhatsApp haitaingia kwenye picha.

Nimesema mkondo wa wazi. Mikondo mingi siku hizi imefungwa, na kufuli hizi watu huzichanganya. Kufuli ya kwanza ni ya mrushaji: chaneli za kulipia hurushwa zikiwa zimefungwa, na kadi au programu ndani ya king'amuzi ndiyo yenye ufunguo. Ya pili iko kwenye waya wa HDMI, inaitwa HDCP. Inahakikisha picha inayotoka kwenye king'amuzi inaingia kwenye runinga na si kwenye kifaa cha kunakilia. Ya tatu iko ndani ya kivinjari na programu za kutazamia: ukijaribu kurekodi filamu ya huduma ya kulipia, mara nyingi unapata sauti safi na kioo cheusi tii. Hapo kompyuta haijaharibika. Picha inafunguliwa mahali ambapo programu ya kurekodi hairuhusiwi kuchungulia, na ndivyo ilivyokusudiwa. Kuna pia ving'amuzi vinavyokubali flashi na kurekodi vyenyewe, jambo linalowafurahisha watu hadi siku wanapoichomeka flashi kwenye kompyuta na kukuta faili halifunguki. Rekodi nyingi za namna hiyo zimefungwa kwa king'amuzi kile kile kilichozirekodi.

Kwa hiyo mazungumzo ya maana yanahusu chaneli zisizofungwa, na huku kwetu zipo. Uhamaji kutoka analojia kwenda dijitali, ulioanza Dar es Salaam kwa kuzimwa mitambo ya zamani tarehe 31 Desemba 2012 na kuifikia Kenya nzima mwaka 2015, ulitupa DVB-T2, mfumo wa kurusha runinga ya dijitali kwa antena ya kawaida. Watu waliukumbuka kwa shida ya kununua ving'amuzi, lakini uliacha faida moja isiyosemwa sana: chaneli ya bure isiyofungwa inafika hewani ikiwa tayari ni data, na data hiyo inaweza kuandikwa kwenye diski kama ilivyo. Njia ya kujua kama chaneli yako ni ya aina hiyo ni kuchomeka antena moja kwa moja kwenye runinga yenye DVB-T2 ndani yake, bila king'amuzi. Ikionekana hapo, tyuna ya kompyuta nayo itaiona.

Tyuna hiyo ni kidude cha USB kama flashi nene, chenye tundu la waya wa antena. Kinachomekwa kwenye kompyuta ya zamani, au kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, inayobaki nyumbani usiku na mchana. Programu ya TVHeadend au NextPVR inasoma ratiba ya vipindi na kurekodi. Jellyfin, ambayo nayo ni ya bure, inakupa ukurasa wa kutazamia rekodi hizo ukiwa popote. Plex inafanya yote kwa urembo zaidi, ila kurekodi runinga kunahitaji ulipie. Marekani na Ulaya wengi hutumia HDHomeRun, tyuna isiyochomekwa kwenye kompyuta bali kwenye ruta, hivyo kila kifaa cha nyumba kinaifikia. Wakati wa kurekodi kompyuta haibani kitu, inaandika tu, na ndiyo maana mashine dhaifu inatosha.

Na bibi anaendelea na tamthilia yake. Tyuna ni yako, king'amuzi ni chake.

Baada ya mechi kuna faili kamili nyumbani. Ukitaka, iambie kompyuta ile ilibane liwe dogo, tuseme megabiti 1.5 kwa sekunde, hivyo mechi ya saa mbili iwe chini kidogo ya gigabaiti 1.4. Kisha unalipakua usiku ukiwa umelala. Kasi ikiyumba, upakuaji unachelewa tu. Picha haipotezi hata fremu moja. Mkondo wa moja kwa moja una saa inayoukimbiza, faili halina.

Kinachowakwamisha wengi ni kuifikia nyumba kutoka nje. Zamani ulifungua mlango kwenye ruta na kuandika anwani ya IP ya nyumbani. Siku hizi watoa huduma wengi, hasa wa laini za simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukiangalia kwenye ruta yako ukakuta anwani ya nje inayoanzia 100.64 hadi 100.127, uko kwenye kundi hilo, na hakuna mlango utakaoufungua ukaonekana nje, kwa sababu mlango mkubwa si wako. Dawa ni kuifanya nyumba ndiyo ianze kupiga simu kuelekea nje. Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha, iliyojengwa juu ya mfumo wa WireGuard, inafanya hivyo: unaiweka kwenye kompyuta ya nyumbani na kwenye mpakato, nazo zinakutana kana kwamba ziko kwenye ruta moja. Mtandao wa hoteli ukizuia njia ya kawaida, inazunguka kupitia seva zake za kupokezana, polepole zaidi lakini inafika. Mpakato wa kazini usiuingize kwenye mambo haya bila kuuliza. Watu wa TEHAMA wa ofisi huiona njia ya siri inayotoka kwenye mashine yao na hawajui kwamba ni mpira.

Kuna suala la saa. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku Dar es Salaam inakuta New York ni saa saba mchana wakati wa kiangazi chao, na saa sita mchana wakati wa baridi, kwa sababu wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Ukipanga rekodi kwenye mpakato unaosafiri, mpakato utabadilisha saa kila ukishuka uwanja wa ndege, na rekodi itaanza habari zikiwa zimekwisha. Kompyuta iliyobaki nyumbani haina safari. Yenyewe ongeza tu dakika za ziada kabla na baada ya kipindi, na kwa mpira weka saa nzima baada ya muda uliopangwa, maana kuna muda wa nyongeza na kuna penalti.

Je, ni halali? Jibu linategemea nchi, lakini kesi chache zinaonyesha mstari unapopita. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua katika kesi ya Sony na studio ya Universal kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye ni matumizi ya haki, yaani yasiyohitaji idhini ya mwenye hakimiliki. Mwaka 2014 mahakama hiyo hiyo, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliikatalia kampuni ya Aereo iliyokuwa ikiwapangisha watu vijiantena na kuwatumia picha kwa intaneti. Japani walikuwa na kesi inayotugusa zaidi. Huduma iitwayo Maneki TV ilikuwa ikihifadhi vifaa vya wateja vya LocationFree, vilivyotengenezwa na Sony na kufanya kazi kama Slingbox, ili Mjapani aliye ng'ambo atazame runinga ya kwao. Mwezi Januari 2011 Mahakama ya Juu ya Japani iliona kwamba mrushaji hapo ni kampuni, hata kama kila kifaa kilikuwa na mteja wake.

Ukiziweka pamoja unaona kinachopimwa: mtambo uko kwa nani, na anautumia kwa ajili ya nani. Boksi lako, kwako, kwa macho yako ni jambo moja. Kijana anayefungua chumba Kariakoo na kuwaambia walioko Ughaibuni wamwachie ving'amuzi vyao awarushie kwa ada ya mwezi ameingia palepale ilipokwama Maneki TV, na hata kabla ya mahakama, mkataba wa king'amuzi kwa kawaida haumruhusu.

Uingereza wana sheria yenye neno dogo la kuangaliwa. Kifungu cha 70 cha sheria yao ya hakimiliki ya 1988 kinaruhusu kurekodi matangazo kwa matumizi binafsi ili uyatazame kwa wakati unaokufaa, lakini rekodi iwe imefanyiwa katika makazi. Aliyerekodi kwenye kompyuta iliyoko nyumbani kwake yuko ndani ya maneno hayo. Aliyerekodi kwenye mpakato katika ukumbi wa uwanja wa ndege atahitaji wakili mwenye ulimi mwepesi. Hapa napo nyumbani panashinda. Na popote ulipo, faili likishaingia kwenye kundi la Telegram si matumizi binafsi tena, hata kundi liwe la ukoo mtupu.

Yamebaki mambo ya umeme. Kompyuta ya nyumbani ipangiwe ijiwashe yenyewe umeme unaporudi. Kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta nyingi za mezani kuna sehemu hiyo, na Raspberry Pi hujiwasha bila kuambiwa. Ruta na kompyuta ziwekewe betri ndogo ya akiba, ruta kwanza. LUKU iwe na uniti za kutosha kabla ya kuondoka, au mtu mmoja nyumbani awe na namba ya mita na wewe uwe unanunua kwa simu. Soketi ibandikwe karatasi yenye maandishi makubwa, maana mtu anayetafuta pa kuchajia simu huchomoa kwanza na kuuliza baadaye.

Kisha jaribu mfumo mzima kabla hujasafiri. Zima Wi-Fi ya nyumbani kwenye mpakato, washa mtandao wa simu, nenda hata kwa jirani, panga rekodi ya dakika tano, ipakue, itazame yote. Chomoa umeme wa kompyuta ya nyumbani, uurudishe, halafu ujaribu tena bila kuigusa. Ikikwama, ikwame wakati bado unaweza kurudi nyumbani kwa miguu.